Gemu za kuua na kumwaga damu: tuwazuie watoto kabisa au tuwawekee mipaka?

MzaziMakini

Wakuu, habari zenu.

Naomba msaada wa wanaozijua hizi mashine ndani nje. Watoto ni wawili, mmoja ana miaka 8, mwingine 13. Vifaa ni PlayStation 5, kompyuta ya Windows yenye Steam (duka la gemu za kompyuta), na simu ya Android ambayo mdogo huazimwa jioni. Mkubwa anaitaka gemu ya vita yenye 18 kwenye kasha, na hoja yake ni moja tu: darasa zima wanaicheza. Mdogo hatagusa pedi, atakaa pembeni kutazama, lakini jicho halina kasha la kuandikiwa umri.

Maswali yangu: zile namba zinawekwa na nani, na zinapima nini? Kuna ushahidi kwamba gemu za aina hii zinamfanya mtoto awe katili, au ni hofu yetu tu? Na mipaka yenyewe inawekwaje kwenye mashine, na watoto huivunja kwa njia gani? Jibu la "chukua nyundo vunja zote" nimeshalipata kwa wajomba, sihitaji jingine.

KashaNaDiski

Nianze na namba, maana wengi huzisoma kama kipimo cha ugumu. Hazihusu ugumu hata kidogo. Gemu ya sataranji inaweza kumtoa jasho profesa na bado ikapewa 3.

Mifumo unayokutana nayo zaidi ni miwili. PEGI ni ya Ulaya, ilianza 2003, na madaraja yake ni 3, 7, 12, 16 na 18. ESRB ni ya Marekani na Kanada, ilianza 1994, nayo hutumia herufi: E ni ya kila mtu, E10+ ni miaka 10 kwenda juu, T ni 13, M ni 17, AO ni watu wazima tu. ESRB haikuzaliwa kwa hiari. Mwaka 1993 Seneti ya Marekani iliwaita watengenezaji wajieleze kuhusu gemu kama Mortal Kombat, ambamo mshindi angeweza kumng'oa mwenzake moyo au kichwa. Wenye viwanda wakaona heri wajipangie madaraja wenyewe kabla serikali haijawapangia.

Kwa upande wa ukatili, PEGI wanapima hivi. Kwenye 7 kuna kupigana kwa kikatuni, dhidi ya viumbe wa kubuni, bila kuonyesha maumivu. Kwenye 12 viumbe wa kubuni wanaweza kuumizwa wazi zaidi, au watu wanapigwa kwa namna isiyofanana na uhalisia. Kwenye 16 kipigo na kifo vinaonekana kama vya kweli. Kwenye 18 kuna ukatili wa kupindukia, kuua bila sababu yoyote, au kuua wasioweza kujitetea. Utaona basi kwamba tofauti ya 16 na 18 haiko kwenye wingi wa damu peke yake. Iko pia kwenye nani anauawa na kwa nini.

Kwa mifano: Minecraft ina 7. Fortnite ina 12, kwa sababu aliyepigwa risasi havuji damu, anatoweka kwenye mwanga. Grand Theft Auto V ina 18.

Geuza kasha usome nyuma. PEGI huweka vipicha: ngumi ni ukatili, dadu ni kamari, mkono wenye kadi ni manunuzi ndani ya gemu. ESRB huandika kwa maneno, na maneno hayo yana ngazi: ukatili wa katuni, ukatili wa njozi, ukatili, ukatili mkali, damu, kisha damu na viungo vilivyokatwa. Kwenye tovuti yao gemu nyingi zina aya nzima inayoeleza kilichomo, hadi aina ya silaha na matusi yanayosikika. Dakika mbili za kusoma aya ile zinakusaidia kuliko nusu saa ya kubishana na mtoto.

Sasa mashimo ya mfumo. Kwanza, gemu za simu. Duka la Google linatumia utaratibu uitwao IARC: mtengenezaji anajaza dodoso kuhusu kilichomo, mfumo unatoa daraja hapo hapo. Duka la Apple nalo linategemea majibu ya mtengenezaji. Kwa hiyo namba ya gemu ya simu ichukulie kama maelezo ya muuzaji. Pili, namba haihesabu maneno ya wachezaji wengine. Tatu, gemu ambazo wachezaji wenyewe hutengeneza vilivyomo. Roblox ni ghala la mamilioni ya gemu ndogo ndogo, kila moja ina lebo yake ya ukomavu, ndogo kabisa hadi iliyozuiliwa, na hiyo ndiyo ya kuangalia. Namba ya Roblox nzima haikuambii kitu.

Na tafadhali usiamue kwa trela, lile ni tangazo. Tafuta video ya mtu anayecheza bila kukatakata, kisha ruka saa ya kwanza. Mwanzo wa gemu nyingi ni mafunzo ya kutembea na kuruka, damu huja baadaye.

Maoni yangu: 18 kwa mtoto wa miaka 13, hapana. 16 inazungumzika, mzazi akishaiona yeye mwenyewe.

MsomajiTafiti

Hapo kwenye ushahidi pana mkanganyiko kwa sababu watu wanachanganya vitu viwili: uchokozi mdogo mdogo wa kupayuka na kusukumana, na ukatili wa jinai.

Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, APA, kilitoa tamko 2015 kisha kikalirekebisha 2020. Walichosema mwaka 2020 ni kwamba uhusiano kati ya gemu za kikatili na matokeo ya uchokozi kama kufoka na kusukuma upo, ila ni mdogo. Kuhusu ukatili wenyewe, walisema ushahidi hautoshi, na wakaonya dhidi ya kuzitwisha gemu lawama kila kunapotokea mauaji.

Upande wa pili kuna utafiti wa Andrew Przybylski na Netta Weinstein, 2019, uliohusisha vijana wapatao 1,000 wa Uingereza wenye miaka 14 na 15. Una mambo mawili ninayoyaheshimu. Waliandikisha mpango wa uchambuzi kabla ya kuziona data, hivyo hawakuweza kuchagua matokeo matamu. Na hawakumuuliza kijana "gemu yako ni ya kikatili?", walitumia madaraja ya PEGI na ESRB, na tabia ya kijana wakaiuliza kwa mzazi. Hawakupata uhusiano.

Kwa nini tafiti za maabara zinapishana hivi? Tazama kinachopimwa. Mtu anacheza dakika 15, kisha anapewa nafasi ya kumpigia mwenzake kelele kupitia hedifoni, au kumwekea pilipili kwenye chakula, na kiasi anachochagua ndicho kinaitwa uchokozi. Pilipili kwenye sahani ni mbali mno na ngumi uwanjani. Isitoshe gemu za vita mara nyingi ndizo za ushindani mkali, na aliyeshindwa mara tano mfululizo huinuka na hasira hata kama alikuwa anacheza gemu ya mpira.

Watetezi wa gemu nao wana kawaida ya kuvuta kesi ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya 2011, ambapo majaji 7 dhidi ya 2 walibatilisha sheria ya California iliyokataza kuwauzia watoto gemu za kikatili. Kesi ile ilihusu uhuru wa kujieleza. Haikumruhusu mtoto wa miaka 8 kucheza chochote, wala haikumnyang'anya mzazi mamlaka.

Kwa hiyo, mkuu, usijenge hoja yako kwa mkubwa juu ya "utakuwa muuaji". Atakutafutia tafiti, na atashinda. Sababu zinazosimama ni za kawaida zaidi: mdogo ataogopa na kuota ndoto mbaya, usingizi utaharibika, matusi yatazoeleka, na kuna picha ambazo mtoto hana haja ya kuwa nazo kichwani. Filamu yenye mambo hayo hayo usingemwonyesha, na hakuna anayekudai utafiti kwa hilo.

Jambo moja la pembeni. Shirika la Afya Duniani lina ugonjwa wa uchezaji gemu katika orodha yake ya magonjwa ya ICD-11, iliyoanza kutumika Januari 2022. Dalili ni tatu: kushindwa kujizuia, gemu kutangulizwa mbele ya kila kitu, na kuendelea ingawa madhara yanaonekana, kwa kawaida kwa muda wa miezi 12. Ukatili haumo kabisa kwenye vigezo hivyo. Mtoto anaweza kuupata kwa gemu ya kulima mchicha.

FundiPedi

Mimi nashika swali la tatu.

Kabla ya yote: kila mtoto awe na akaunti yake, yenye tarehe yake halisi ya kuzaliwa. Vizuizi vyote, kwenye kila mashine, vinasoma tarehe hiyo. Mtoto anayechezea akaunti ya baba ni mtu mzima machoni pa mashine, hata ungeweka makufuli 20 mahali pengine.

PlayStation 5. Ingia kwa akaunti ya mtu mzima, nenda kwenye mipangilio, sehemu ya familia na udhibiti wa wazazi, kisha usimamizi wa familia, ongeza mwanafamilia. Itakudai barua pepe ya mtoto na tarehe ya kuzaliwa. Akaunti ikishakuwepo, ifungue uone vipengele vyake kimoja kimoja: kiwango cha umri wa gemu, mawasiliano na wachezaji wengine, kiasi cha kutumia kwa mwezi (acha sifuri), na muda wa kucheza. Kizuizi cha umri kinashika diski pia, siyo gemu za kupakua peke yake, kwa hiyo diski ya kuazima haipenyi. Kama kuna gemu moja iliyo juu ya kiwango na umeikubali, kuna orodha ya gemu zilizoruhusiwa. Iweke humo, usipandishe kiwango chote kwa ajili ya gemu moja.

Kwenye muda wa kucheza panga kwanza majira ya saa ya eneo lako, la sivyo siku ya mashine itaanza na kuisha saa usizozitegemea. Halafu amua kinachotokea muda ukiisha: kutoa taarifa tu, au kumtoa mchezaji. Taarifa tu ni kama kengele ya shule siku ya Jumamosi.

Haya, makosa matatu ambayo karibu kila mtu anayafanya kwenye PS5:

Moja, namba ya siri ya vizuizi vya mashine hutoka kiwandani ikiwa 0000. Usipoibadilisha, mtoto ataijua ndani ya siku moja, maana iko kila mahali mtandaoni.

Mbili, kuunda mtumiaji mpya na kuingia kama mgeni huwa kumeachwa wazi. Mtoto anaunda mtumiaji mwingine asiye na kizuizi chochote, kwisha habari. Funga hapo kwenye vizuizi vya mashine.

Tatu, akaunti ya mtu mzima haina namba ya kuingilia. Mtoto anabonyeza picha yako na anaingia. Weka namba ya tarakimu 4, na isiwe mwaka wa kuzaliwa wa mtu yeyote nyumbani.

Windows. Mtoto awe na akaunti ya kawaida, asiwe msimamizi wa kompyuta. Akiwa msimamizi ataondoa chochote ulichokiweka. Muunge kwenye kundi la familia la Microsoft, kisha tumia Family Safety kuweka umri wa programu na saa za kutumia. Fahamu kwamba kichujio chake cha tovuti kinafanya kazi kwenye kivinjari cha Edge tu, hivyo vivinjari vingine vifungwe. Gemu iliyopakuliwa nje ya duka la Microsoft huenda isisomwe umri wake. Ikishafunguliwa mara ya kwanza itaonekana kwenye ripoti ya matumizi, ndipo unaizuia kwa jina.

Steam ina mlango wake mwenyewe. Tangu 2024 kuna Steam Families: wewe unakuwa mtu mzima wa familia, yeye anapewa nafasi ya mtoto. Unachagua gemu zipi kwenye maktaba anaziona, saa ngapi, na kama duka na maongezi vifunguliwe. Aliyewekwa kama mtoto hawezi kujitoa mwenyewe. Fortnite na nyinginezo za kampuni ya Epic zina vidhibiti vyake pia, vyenye namba ya siri ya tarakimu 6. Ndiyo, inachosha: kila duka kufuli lake.

Wenye Nintendo Switch ile ya kwanza wajue kitu kimoja: kizuizi chake cha umri kinakaa kwenye mashine nzima, si kwa mtumiaji mmoja mmoja. Ukiweka kiwango cha mtoto wa miaka 8, wa 13 naye amefungwa, na wewe pia, mpaka uingize namba. Kwenye programu yake ya simu kuna chaguo la kusimamisha gemu muda ukiisha. Usipoliwasha, inalia kengele tu na gemu inaendelea.

SautiYaPembeni

Mmesema vizuri, lakini mnatazama picha na kusahau masikio. Gemu ya 12 yenye wageni watatu wanaotukana kwenye hedifoni inaweza kuwa mbaya kuliko ya 16 inayochezwa peke yako bila mtandao. KashaNaDiski ameligusa kwa sentensi moja na kupita, mimi ningeanzia hapo.

Desemba 2022 Epic, wenye Fortnite, walikubali kulipa jumla ya dola milioni 520 baada ya Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, kuwashtaki. Milioni 275 kati ya hizo zilihusu faragha ya watoto, na moja ya malalamiko ilikuwa kwamba maongezi ya sauti na maandishi yalikuwa wazi tangu mwanzo, watoto wakiunganishwa na watu wasiowajua. Yaani mzazi asiyegusa mipangilio alikuwa amekubali bila kuulizwa.

Kwa hiyo: sauti iwe ya marafiki tu kwa mkubwa, na izimwe kabisa kwa mdogo. Fanya hivyo mahali pawili, kwenye akaunti ya mashine na ndani ya gemu yenyewe, kwa sababu gemu nyingi zina mfumo wao wa maongezi. Mfundishe mkubwa kumnyamazisha mchezaji na kumripoti. Na mashine ikae sebuleni, sauti itoke kwenye spika. Hedifoni ndiyo inayomficha mgeni.

MzaziMakini

Asanteni sana, nimepata zaidi ya nilivyoomba. Yamebaki matatu.

Simu ni yangu, siyo ya mdogo, sasa hiyo akaunti ya mtoto naiweka wapi? Pili, kila muda ukiisha mkubwa anasema "nikitoka sasa napoteza pointi". Ni kweli au ananichezea shere? Tatu, nikimnyima hiyo gemu ya 18, nimpe ipi ambayo hatajiona katengwa na wenzake?

FundiPedi

Simu ya kuazima ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu Family Link, programu ya Google ya wazazi kusimamia simu ya mtoto, imeundwa kwa ajili ya kifaa chenye akaunti ya mtoto. Kwenye simu yako fanya haya.

Angalia kama simu inaruhusu watumiaji zaidi ya mmoja. Nyingi zinaruhusu, baadhi ya watengenezaji wamelitoa hilo. Ikiruhusu, muundie mdogo mtumiaji wake. Isiporuhusu, fungua duka la Google, bonyeza picha ya akaunti yako, ingia mipangilio, sehemu ya familia, washa udhibiti wa wazazi, weka namba ya siri, chagua umri. Kumbuka kizuizi hiki kinahusu kupakua. Gemu iliyokwisha kuwekwa kwenye simu haiondoki wala haifungwi. Ifute wewe.

Kisha, kila unapomkabidhi simu, bandika skrini: ni kipengele kilicho kwenye mipangilio ya usalama, kinachoifungia simu kwenye programu moja. Hakikisha umechagua kuomba namba ya siri wakati wa kubandua, bila hivyo anabonyeza vitufe viwili na yuko nje. iPhone ina kitu kama hicho, Guided Access.

Wenye iPhone za watoto wenyewe: namba ya siri ya Screen Time isiwe ile ya kufungulia simu, na washa kipengele cha kufunga programu muda ukiisha. Kisipowashwa, mtoto anaona tu karatasi nyeupe yenye kitufe cha kuendelea, anabonyeza, anaendelea.

Njia nyingine za kukwepa, kwa haraka. Faili za APK (za kusakinisha programu za Android bila kupitia duka) kutoka tovuti za mitaani: zima ruhusa ya kusakinisha kutoka vyanzo visivyojulikana. Gemu za kuchezea kwenye kivinjari, ambapo gemu yenyewe inaendeshwa kwenye kompyuta ya mbali na hakuna kinachopakuliwa: kizuizi cha duka hakizioni, unafunga tovuti. Kufungia kifaa kwenye ruta: simu za kuanzia Android 10 na iOS 14 huweza kujipa anwani ya MAC (namba ambayo ruta hutumia kukitambua kifaa) ya bandia kwa kila mtandao, hivyo ukizuia anwani moja, akiusahau mtandao na kujiunga upya huenda akaja na nyingine. Ruta ipange iruhusu vifaa unavyovijua tu, vingine vyote vikae nje. Hata hivyo ruta haiizuii gemu iliyokwisha kupakuliwa isiyohitaji mtandao, wala data ya simu.

KengeleYaMechi

Kuhusu pointi, mkubwa hakudanganyi. Mechi ya mtandaoni haisimamishwi. Wenzake wanaendelea bila yeye. Gemu nyingi za ushindani zinamwadhibu anayetoka katikati: anashuka daraja, au anazuiwa kuingia mechi nyingine kwa dakika kadhaa, na akirudia adhabu hurefuka. Juu ya hilo, wenzake wa timu ni watu halisi, pengine wanafunzi wenzake.

Ndiyo maana kikomo cha dakika peke yake huzaa ugomvi kila jioni. Hesabu mechi. Kaa naye siku moja upime kwa saa: mechi moja, pamoja na kusubiri kuingia, ni dakika ngapi? Gemu za kubaki mmoja kama PUBG zinaweza kufika dakika 30. Mpira wenye vipindi vya dakika 6 huwa chini ya dakika 20 pamoja na mapumziko na marudio ya magoli. Ukishajua, sheria inakuwa hivi: muda uliobaki ukiwa mfupi kuliko mechi moja, haanzi nyingine. Kisha kufuli la mashine liweke dakika 15 au 20 baada ya muda mliokubaliana, liwe ukuta wa nyuma, lisiwe la kumkata katikati. Akilifikia kufuli, ameanza mechi asiyopaswa kuianza, na hapo hana la kudai.

Gemu za peke yako ni habari nyingine. PS5 ikiwekwa kwenye hali ya kupumzika inashikilia gemu pale pale ilipo, anaendelea kesho. Huko "subiri nihifadhi" ikizidi dakika tano, hiyo ndiyo shere.

Gemu mbadala: usimpe ya kitoto, ataidharau kabla hajaifungua. Kinachomvuta si damu, ni wenzake. Kwa hiyo tafuta yenye mambo matatu: ya kucheza na wenzake, isiyolipiwa ili wao nao waingie, na inayokutanisha mashine tofauti. Rocket League (magari yanacheza mpira, PEGI 3) na Fortnite (12) zote zina hayo. Overwatch ina 12 pia, ni ya risasi lakini wahusika ni wa kubuni. Kwa mdogo, Minecraft kwenye hali ya amani: maadui hawatokei na njaa haishuki, anajenga tu.

Na kama siku moja utamkubalia ya 16, pitia mipangilio yake kwanza. Baadhi ya gemu za vita zina swichi ya kuzima damu na viungo kukatika. Inapunguza kinachoonekana; maneno na hadithi vinabaki vilevile.

MsomajiTafiti

Nyongeza kuhusu mdogo anayetazama. Hata PS5 ikifungwa, gemu zile zile ziko YouTube, na video ya gemu ya 18 si lazima iwe imewekewa kizuizi cha umri. Kwa miaka 8 mwachie YouTube Kids. Baadaye kuna akaunti ya YouTube inayosimamiwa na mzazi, yenye ngazi tatu, ya kwanza ikilenga miaka 9 na zaidi, ya pili 13 na zaidi. Na mkubwa acheze vyake mdogo akishalala. Kama chumba ni kimoja, gemu ya sebuleni ipimwe kwa umri wa mdogo.

MzaziMakini

Nimeangalia sasa hivi. Namba ya PS5 ni 0000.